Watoto waachiwe kugawanya kwa mkono

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba kuwafundisha watoto wa darasa la sita kugawanya kwa njia ndefu ni kuwapotezea muda, maana simu ziko tele. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi wilayani Muheza, na naomba nimjibu kwa namba moja: 4,294,967,297.

Chukua 2, uipandishe kwa kipeo cha 32, kisha ongeza 1. Ndiyo hiyo. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na alikuwa na sababu nzuri. Vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 hutoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Nani angeitilia shaka ya sita? Ikapita karibu karne nzima, hadi mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alipoonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Wala hakuna haja ya kubahatisha. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, na cha tano ni 641 chenyewe.

Huwa naiandika ubaoni. 4294 kwa 641 ni mara 6, baki 448. Shusha 9 upate 4489: mara 7, baki 2. Mtego uko hapo. Ukishusha 6 unapata 26, haitoshi. Ukishusha 7 unapata 267, nayo haitoshi. Lazima ziandikwe sifuri mbili. Wengi huziruka, wakaja na 67,417, tena baki ni sifuri, na daftari ni safi kabisa! Nawaambia wazidishe kurudi nyuma. Wanapata 43,214,297. Milioni arobaini na tatu, wakati tulianza na zaidi ya bilioni nne. Darasa hulipuka kelele, kila mmoja anasaka mahali pesa zilipopotea, kama wanavyosema wao. Atakayezirudisha sifuri zile hufika 6,700,417.

Mtoto huyo amehakikisha kwa chaki yake jambo ambalo Fermat, mmoja wa vichwa vikubwa kabisa vya hisabati, hakuliona. Simu ingempa jibu, lakini thamani ya sifuri asingeijua.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wenu wa watoto uchapishe namba inayofuata katika mlolongo huo, 18,446,744,073,709,551,617. Nayo si tasa. Wapeni kigawo 274,177, waambieni wagawanye kwa mkono, na jibu mlichapishe wiki ifuatayo: 67,280,421,310,721.

Mwalimu wa Hisabati,
Muheza, Tanga