Mke wangu kaniita mtoto mbele ya wageni wa posa, kisa king'ora

Anti, habari za kazi. Ni saa kumi alfajiri, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba unaijua. Nimelala sebuleni, au niseme nimekaa, maana usingizi haukuja. Chumbani siingii. Lile neno siwezi kulimeza.

Walikuja watu wa posa. Mshenga anazungumza vizuri tu, mara king'ora cha zimamoto kikapita barabara kubwa kuelekea Mwanjelwa. Nikanyanyuka, nikachungulia dirishani. Dirishani tu Anti, hata mlango sikuugusa! Mke wangu akawaambia wageni, "Msimshangae, huyu ndiye kitinda mimba wangu." Mshenga alicheka hadi akapaliwa na chai. Baba wa kijana, mzee wa watu kutoka Tukuyu, akainamisha uso. Kitinda mimba! Nina mvi.

Yeye anajua ilikoanzia. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 kibanda changu kilikuwa mle. Wenzangu wanalilia mali, mimi macho yalikuwa kwa askari aliyeshika mpira wa maji, moto uko mbele yake na yeye harudi nyuma. Tangu hapo mlio wa zimamoto naujua hata ukichanganyika na wa ambulensi. Ningekuwa nashinda baa na mashabiki wa Yanga nani angesema? Gari la zimamoto halina bia wala nyumba ndogo.

Na si ushabiki wa bure. Mtaani wakisema zimamoto wanakuja bila maji, mimi ndiye ninayewatetea. Tangi likiwa na lita 5,000 na pampu inasukuma lita 1,000 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, ni dakika tano maji kwisha, na hapo bodaboda wamewaziba njia. Watoto wa majirani namba 114 nimewafundisha mimi, na kwamba wakipiga wataje shule au kanisa la karibu. Lori la mafuta likianguka Mlima Iwambi vijana wanakimbia na madumu, mimi ndiye ninayewapigia kelele wakumbuke lori la mafuta lililowalipukia watu Morogoro 2019. Hayo ni ya mtoto?

Ananisema eti nilimwacha stendi na mizigo nikafuata gari. Nilirudi. Na bodaboda aliyempeleka nyumbani nilimlipa mimi.

Nataka aniombe radhi, tena mbele ya mshenga yule yule. Hapana, mshenga tumwache, ataicheka na radhi yenyewe. Akiomba tukiwa wawili inatosha. Kusema kweli hata asipoomba, ningependa siku moja tu twende wote pale kituoni asubuhi wanapokagua magari, asimame nami getini, aone mwenyewe. Nikimwambia anasema ana maharage jikoni.

Ila kilichoninyima usingizi ni hiki. Wanakuja na mahari Jumamosi. Nyumba yetu iko barabarani, na king'ora hakipigi hodi. Nikikaa kimya nitatoka jasho mbele ya wazee, nikinyanyuka ataongeza neno, namjua. Nifanyeje Anti? Usiniambie nikae chumba cha uani, huo ushauri alishanipa yeye.

Msomaji wako, Mbeya