Anti, mwanangu haniamini tena

Shikamoo Anti.

Saa tisa na nusu usiku hii. Ni mbalamwezi, dagaa hakuna, kwa hiyo hata cha kunitoa nyumbani kwenda mwaloni sina. Siku za giza saa hizi ningekuwa nimeshajifunga kanga kiunoni nasubiri mitumbwi. Leo nimekaa sebuleni namsikiliza mtoto anavyogeuka-geuka chumbani kwa bibi yake. Hataki kulala na mimi. Usiku wa nne huu.

Niseme mapema, sijakuandikia nifundishwe kwamba kumdanganya mtoto ni vibaya. Nimeshaambiwa. Kaniambia daktari mbele za watu, kaniambia mama mkwe mbele ya majirani, na mtoto mwenyewe ananiambia kila siku kwa namna yake, na hiyo yake ndiyo inayonikosesha usingizi.

Ni jino. Gego la chini kushoto, limetoboka na sasa kwenye ufizi pana kajipu keupe. Ana miaka mitano na nusu. Tafadhali usianze na mambo ya sukari. Ni kweli nilikuwa namlaza na chupa ya chai ya maziwa mpaka akakaribia miaka mitatu, lakini mtu anayeamka usiku kugombania dagaa atabembeleza saa ngapi? Unamwekea chupa mdomoni alale. Nani huku kwetu hajafanya hivyo? Na pipi simpi mimi. Anampa huyo huyo anayesema leo kwamba mimi ndiye nimemharibu meno.

Basi Jumatano nikampeleka. Nikamwambia tunakwenda bandarini kuangalia meli ya Bukoba.

Anti, huyu mtoto anapenda meli kuliko chakula. Akisikia honi ya Victoria, ndiyo meli yenyewe, anaacha uji, anapanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba mpaka aione. Siku hiyo alivaa viatu vya sikukuu, akabeba na kimtumbwi chake ambacho baba yake alimchongea kwa kandambili iliyokatika. Kwenye daladala alimweleza konda safari yote. Tulipofika mjini nikakata kona, akasimama akaniuliza, "Mama, si ziwa liko kule?" Nikamwambia tunapita mahali kidogo tu.

Kwenye kiti alikaa vizuri, hata akafurahia kinavyopanda. Alipoiona sindano akafumba mdomo mpaka midomo yenyewe ikapotea. Wakanambia nimshike mikono, nikamshika. Akaja muuguzi akashika kichwa. Akamng'ata daktari kidole. Kimtumbwi kikaanguka chini, mtu akakikanyaga. Daktari akaweka vifaa vyake, akavua glovu, akauliza, "Mama, huyu mtoto aliambiwa anakuja wapi?" Nikanyamaza. Akajibu mtoto: "Kuangalia meli." Foleni nzima ilikuwa inasikia, mlango ulikuwa wazi.

Jino halikutoka. Tukapewa dawa ya maji ya siku tano ili usaha upungue, turudi Jumatatu.

Sasa sikiliza linaloniuma. Tangu siku hiyo, nikimwambia kitu, ananiangalia anauliza, "Ni kweli kabisa au ni kweli ya meli?" Nikimwambia ugali umeiva: kweli kabisa au kweli ya meli? Nikimwambia njoo nikuogeshe, maji nimeyachanganya na ya moto: anachovya kidole kwanza. Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Sasa na yeye anatumia. Juzi nimemwambia hela ya kodi sina, kaniuliza mbele ya mdogo wake, ni kweli ya meli hiyo? Wakacheka wote. Mimi nilikwenda jikoni.

Yeye baba mtu amerudi kutoka kisiwani, mbalamwezi ndiyo likizo yake. Anasema Jumatatu atampeleka mwenyewe, wataingia na mdogo wake, wanaume wawili, dakika mbili jino limetoka. Na asiambiwe kitu mpaka wafike. Niliposikia hivyo nilishukuru, kusema kweli. Nikasema moyoni, amchukie baba yake sasa, tuwe sawa. Halafu nikikumbuka vile vimikono vilivyokuwa vinahangaika ndani ya mikono yangu, nasema haendi bila mimi. Halafu nasema nikienda mimi si ndiyo atakataa hata kupanda daladala?

Mama mkwe yeye anasema lisiguswe. Jino la utoto litang'oka lenyewe, la nini kumtesa mjukuu wake. Nilimuuliza daktari hilo hilo. Alinieleza kwamba meno ya mbele ndiyo yanayoanza kung'oka kwenye miaka sita, lakini gego kama hili hukaa mpaka miaka kumi na zaidi, na usaha ukikaa pale chini muda wote huo unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojitengeneza humo ndani. Nikamweleza mama mkwe. Akaniambia, "Ungenisikia wakati ule, haya yote yasingekuwepo."

Wakati ule maana yake meno ya plastiki, yale wanayosema ndiyo yanamletea mtoto mchanga homa na kuharisha. Mtoto alikuwa na miezi mitano, anaharisha na homa, mama mkwe akataka tumpeleke kwa mzee mmoja anayeyang'oa kwa spoku ya baiskeli. Mimi nikakimbilia kliniki. Nesi akanionyesha kwamba ule weupe kwenye ufizi ni chonge za kawaida hazijatoka, hakuna meno ya plastiki duniani. Nilimwokoa huyu mtoto, Anti. Nilimbeba usiku mvua inanyesha. Hilo hakuna anayelikumbuka, wanakumbuka meli.

Daktari alinielekeza namna ya kumwandaa. Nisimwambie siku tatu kabla akakaa na hofu, wala nisisubiri mpaka mlangoni. Nimwambie jioni yake au asubuhi, kwa maneno machache: jino lina wadudu, daktari atalilaza kwa dawa, kisha atalitoa. Nisimwambie haitaumiza. Nimwambie atahisi kachomo kadogo, halafu atahisi kubanwa na kusukumwa, na shavu litakuwa zito kama si lake. Aume pamba kama nusu saa. Na asile mpaka ganzi iishe, maana watoto huwa wanautafuna mdomo wao bila kujua. Tukacheze kwanza nyumbani, yeye awe daktari ahesabu meno yangu kwa kijiko.

Nimejaribu hilo la kijiko jana. Alihesabu mpaka kumi na nne, akanusa, akasema mdomo wangu unanuka dagaa. Alicheka kidogo. Nikaona hapa hapa, nikafungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Nikamwambia akanawe mikono.

Halafu nauliza, hilo la "kulilaza jino" si uongo nao? Jino linalala? Wadudu wenyewe wako wapi? Mimi nikisema naitwa mwongo, daktari akisema inaitwa kumwandaa mtoto. Akikaa pale kitini akaiona sindano ile ile, mimi nimeshamwambia ni dawa ya kulaza, si nitakuwa nimeongeza kweli ya meli ya pili? Sitaki kumdanganya tena hata kidogo. Lakini kama lipo neno moja la kumfanya afungue mdomo Jumatatu, hata kama si kweli sana, niambie nilitumie.

Jumatatu ni kesho. Najua jibu lako halitawahi. Naandika hivyo hivyo.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna jambo la jana jioni. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, jino lake la mbele liling'oka. Wakakusanyika uani watoto wote, akalitupa juu ya bati kama tulivyokuwa tunatupa sisi, wakakaa kusikiliza kama litabingirika kurudi. Wangu alikuwa pembeni na kile kimtumbwi chake kilichopasuka, mimi naanika nguo. Akanijia, hakunitazama, akashika pindo la kanga yangu.

"Na mimi daktari akinitoa langu, atanipa nije nilitupe?"

Kumbe anajua. Muda wote huu ninaohangaika nimwambie lini, anajua anakorudi.

Nikamwambia, "Atakupa."

Akauliza lile swali lake. Nikamwambia kweli kabisa, mwanangu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Sasa Anti, mimi sijui. Siku ile kulikuwa na ndoo pembeni ya kiti, sikuangalia ndani. Nimefikiria niwahi kesho kabla ya wengine nimwombe daktari mlangoni, lakini naona aibu kuonana naye. Huwa wanampa mtoto jino lake, au wanalitupa?

Mama wa mtoto mmoja, Kitangiri, Mwanza