Filamu ya majaribio ni kazi ya fundi

Ndugu Mhariri,

Neno "majaribio" limewaponza wengi. Mtu akisikia filamu ya majaribio, yaani filamu inayotafuta namna mpya za kutumia picha na sauti, hudhani mwenyewe bado anajifunza, asubiriwe akue ndipo atengeneze filamu ya kweli. Tunaomba nafasi tulieleze hili kwa kazi za Cauleen Smith, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Riverside, California, mwaka 1967. Mambo anayoyashughulikia yako karibu na Unguja kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1992 alitoa filamu ya dakika sita hivi, Chronicles of a Lying Spirit by Kelly Gabron. Picha za kubandika, maandishi na sauti vimerundikwa pamoja, kisha mfululizo ule ule unarudiwa. Mara ya kwanza sauti ya mwanamume inamfunika mwanamke anayesimuliwa. Mara ya pili ni sauti ya mwanamke inayosikika zaidi. Picha ni zile zile, habari imegeuka. Fundi wa sauti wa taarabu hahitaji kuelezwa zaidi: anajua ganuni ikipandishwa kidogo tu juu ya fidla, wimbo unakuwa mwingine.

Mwaka 1998, akitokea masomoni UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akatoa Drylongso, filamu ndefu iliyopigwa Oakland, California, kwa mkanda wa milimita 16. Hapa vijana waliozoea simu watulie kidogo. Roli ya futi 100, kwa mwendo wa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, inakwisha kwa dakika 2 na sekunde 45 hivi. Kamera ya springi kama Bolex, ambayo wapigaji wa majaribio wameitumia sana, ukiikaza springi yake mpaka mwisho inakwenda chini ya nusu dakika, kisha inasimama. Wakati wa kupakia, mkanda lazima uachiwe kitanzi juu ya dirisha la picha, pale mwanga unapougonga mkanda, na kingine chini yake. Kitanzi kikipotea, picha inatetemeka au mkanda unachanika, na hutajua mpaka usafishwe, yaani utiwe dawa picha zitokee.

Kwa visiwa vyetu kuna adha zaidi. Mkanda usiopigwa hukaa kwenye friji, lakini ukitoka usifungue kopo papo hapo: uache saa kadhaa upate joto la chumba, la sivyo unatoka jasho na picha inaingia madoa. Ukipelekwa nje kusafishwa, uombe ukaguzi wa mkono uwanja wa ndege, maana mashine mpya za kukagua mizigo huunguza mkanda ambao haujasafishwa. Na mkanda wa zamani ukinuka siki, ndiyo umeanza kuoza kwa joto na unyevu. Utenge na mingine siku hiyo hiyo, kwa sababu mvuke wake huwaambukiza majirani. Kopo lililofungwa kabisa huzidisha ubaya, linafungia asidi humo humo.

Smith hakubaki kwenye mkanda. Alipokuwa Chicago aliandaa bendi ya wanafunzi, tarumbeta na ngoma, ikatokea mtaani bila kutangazwa ikipiga muziki wa Sun Ra, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, naye Smith akapiga picha. Anayeijua beni ya Mbwa Kachoka, bendi yetu ya mtaani hapa Unguja, hatauliza hiyo ni sanaa gani. Mwaka 2017, kwenye maonesho ya Whitney Biennial, New York, alitundika mabango ya kitambaa yenye maneno, ya mahameli, satini na puleki. Kwetu kanga imesema miaka mingi, na washoni tunao. Ila mahameli ina manyoya yenye upande: ukikata kipande kimoja kikiangalia juu na kingine chini, chini ya taa vitaonekana rangi mbili. Herufi nazo zitiwe gamu, kitambaa kigumu cha washoni, kwa nyuma kabla ya kushonwa, zisije zikakunjana bango likining'inia.

Kazi yake inayofaa kujifunzwa zaidi hapa ni Epistrophy ya 2018. Juu ya meza kuna sanamu ndogo, mimea na vitu vya kila namna. Kamera za ulinzi zinavitazama, na picha zinatupwa kubwa ukutani wakati huo huo. Kamera hizo zinauzwa madukani kwetu. Chukua ya waya, siyo ya intaneti, kwani ya intaneti huchelewesha picha na mtu akipitisha mkono mezani haoni uhusiano. Lenzi yake imewekwa kwa kuangalia mbali: legeza skrubu ndogo ya pembeni, izungushe mpaka chungu au kombe lililo mbele yake lionekane wazi, kisha kaza. Taa ya meza iwe ya kutosha. Chumba kikiwa na giza kamera hugeukia macho ya usiku na rangi zote zinapotea, kosa linaloharibu kazi nyingi watu wakadhani kamera mbovu. Umeme ukipepesa, projekta itazima, basi iwe na betri ya akiba.

Kurasa zenu za sanaa huandika nani kashinda na nani kahudhuria. Tunaomba nafasi kidogo iende kwenye namna kazi zinavyotengenezwa. Na wanaoandaa maonesho Ngome Kongwe wasianze kabla giza halijaingia: kazi za namna hii zina vivuli vizito, na saa kumi na mbili na nusu anga bado ina mwanga wa kuvimeza vyote.

Mafundi wa picha na sauti,
Mji Mkongwe, Unguja