Elimu ya watu wazima isiishie darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu wazima wanaotengwa na jamii kwa kukosa elimu au kwa sababu ya ulemavu. Tukitaja elimu ya watu wazima, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye kusoma na kuandika, ilhali aliyehitimu kisomo asipopata mahali pa kukitumia husahau hata alichojifunza, na upweke wake hubaki palepale.

Karakana ndogo ina nafasi nzuri ya kuziba pengo hilo, kwa kuwa mwenye kazi anamfahamu kila mmoja na anaweza kubadili utaratibu bila kuitisha kikao. Fundi cherehani asiyesikia huandikiwa vipimo ubaoni. Mwenzake anayejifunza kusoma hukabidhiwa daftari la oda, akajaza jina la mteja, aina ya kitambaa na tarehe ya kuchukua nguo, na hivyo somo la jioni likapata kazi asubuhi. Marekebisho ya aina hii hayana gharama kubwa, ingawa waajiri wengi, nasema kwa masikitiko, huyahesabu kuwa hisani.

Si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unatambua, katika kifungu cha 27, haki ya kufanya kazi katika mazingira jumuishi, na kifungu cha 24 kinataja elimu ya watu wazima. Wanaopanga madarasa hayo, basi, wakae kwanza na wenye karakana wakubaliane saa za masomo, na ujira wa mwanafunzi usikatwe kwa kuhudhuria.

Wako,
Msomaji