Mpaka wa Kampala uchorwe pamoja na majirani

Mhariri,

Naunga mkono wazo la kuiwekea Kampala mpaka wa ukuaji, yaani mstari ambao ujenzi wa jiji hauruhusiwi kuuvuka, mradi jiji lisiamue peke yake. Ujenzi ukizuiwa Kampala utahamia wilaya jirani za Wakiso na Mukono, ambako mashamba tayari yanakatwa viwanja kila upande. Maji machafu ya bonde la Nakivubo huishia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, karibu na Ggaba yanakovutwa maji yetu ya kunywa. Kinamasi kinachochuja maji hayo kikijengwa tunaumia sote, awe mtu wa Kawempe jijini au wa Kira huku Wakiso.

Sheria ya Jiji Kuu ya mwaka 2010 ilitaja mamlaka ya pamoja ya mipango kwa Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi. Serikali iipe mamlaka hiyo bajeti na wataalamu, na kazi yake ya kwanza iwe kuweka alama kwenye vinamasi vilivyosalia.

Mkazi wa Kira, Wakiso