Kabla hujatua na Cub kwenye theluji

Minnesota, Desemba

Rafiki yangu wa tangu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kwamba unakuja Januari. Umeomba nikuachie utue mwenyewe na Piper Cub ya klabu yetu. Utatua, ila tuelewane mapema, maana ndege hizi za zamani ninazoziona hangani zikishonwa upya kitambaa chake wakati wa baridi, nyingi ziliumia wakati wa kutua.

Tuanze na injini. Cub yetu ni ya 1946, ina Continental ya nguvu za farasi 65. Ndani ya kabureta hewa hupita penye koo jembamba huku petroli ikigeuka mvuke. Yote mawili hushusha joto ghafla, na unyevu ukaganda humo humo. Usidhani ni shida ya huku tu. Hata Nairobi, asubuhi ya Julai yenye manyunyu na nyuzi 15, kabureta inaweza kuziba. Baridi ikiwa kali mno hewa huwa kavu na hatari hiyo hupungua. Siku za kuogopa huku ni zile za karibu na sifuri, zenye ukungu. Na saa ya kuogopa ni pale unapopunguza nguvu ili ushuke. Vuta kishikio cha kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta kabla hujapunguza, si baada. Anayesahau hugundua akiwa chini ya miti, anaomba nguvu na injini haimjibu.

Sasa mkia, na hapa ndipo ninapokuhofia. Umezoea Cessna 172, yenye gurudumu la mbele. Cub ina kigurudumu mkiani, na uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kwenda upande, uzito huo hutaka kutangulia, na ndege inajizungusha. Kwenye lami kavu miguu yako itawahi kuirudisha. Kwenye barafu upepo wa ubavuni husukuma mkia, kigurudumu hakishiki, breki hazisaidii. Kinachovunja zaidi ni kile kipande cha lami kilichokauka katikati ya barafu: ndege inakuja ikiteleza kiubavu, gurudumu linashika ghafla, mguu wa gurudumu unakunjika, ubawa unachimba theluji. Nimewahi kusaidia kuinua moja. Rubani alitoka mzima, lakini kitambaa cha ubawa kilikuwa kimechanika hadi mbavu zake za ndani zikaonekana. Niliumia moyo, kwa sababu Cub za aina hii, J-3, zilikoma kutengenezwa 1947, na kila inayovunjika ni hasara ya kweli. Kwa hiyo upepo ukikataa, haturuki, hata kama umesafiri mbali kiasi gani.

Pia usiipitishe ndege kwenye theluji iliyoyeyuka unapoelekea kuruka. Maji huingia kwenye breki, yanaganda angani, nawe unatua na gurudumu lililofungwa. Ndege inapiga pua chini.

Tukifunga skii badala ya magurudumu tutatua ziwani, juu ya barafu. Huko hakuna breki kabisa, na mawingu yakitanda theluji na anga huwa rangi moja. Huwezi kujua uko mita kumi au moja kutoka chini. Marubani wa Alaska hudondosha matawi ya miti kwanza ili jicho lipate pa kushika. Sisi tutatua kando ya ufuo, penye miti ya kutazama, na tutaukagua uso wa ziwa kwanza, kwani mara nyingine chini ya theluji kuna maji yaliyopanda juu ya barafu, na yakinasa skii hutoki kirahisi.

Jambo la mwisho, nijulishe saizi ya kiatu chako. Breki za Cub ni vipedali vidogo vinavyokanyagwa kwa visigino, na buti nene la theluji hukanyaga breki na pedali za usukani kwa pamoja bila wewe kujua. Nitakutafutia buti jembamba lenye joto kabla hujafika.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi, rafikiyo