Mke wangu kaniita msemaji mbele ya kaka zake

Shangazi, shikamoo.

Huku Marekani ni saa kumi alfajiri na sijalala. Kikao kilianza saa nne asubuhi ya Tanga, yaani saa saba ya usiku kwangu, kikachukua saa nzima na ushei, na tangu kilipokwisha nimekaa jikoni nimevaa koti kama mtu anayetaka kutoka. Simu waliiegemeza kwenye chupa ya chai. Niliwaona nusu nusu, mashemeji, mjomba wake, na yeye pembeni kajitanda mtandio wa kahawia niliomnunulia mwenyewe. Mjomba akamwambia, "Haya mwanangu, sema linalokukera." Akasema moja tu: "Miaka ishirini na miwili sikukaa na mume. Nilikaa na msemaji wa klabu."

Msemaji! Mbele ya kaka zake, Shangazi. Mbele ya shemeji mdogo, ambaye ada ya chuo nilimlipia mimi. Angesema mimi mlevi, ningebisha, kwa sababu sinywi. Angesema nina mwanamke, ningeapa. Hili nalijibu vipi? Nilipofungua mdomo ikanitoka sauti ileile ya kazini: "Naelewa hisia zenu, na nawaomba tulipe jambo hili muda." Mjomba akanyamaza. Yeye akasema, "Mmemsikia?"

Wewe unajua maisha ya huku yalivyo, kwa hiyo sitaeleza sana. Naomba tu usikie upande wangu, maana pale kikaoni hakuna aliyeuliza upande wangu.

Mimi sikuingia kwenye besiboli kwa kupenda vya watu. Nilikuja kusoma uandishi, ada ikanishinda mwaka wa mwisho, nikaomba kazi yoyote kwenye timu ya ligi ndogo ya mji ule. Na kweli ikawa yoyote. Mvua ikinyesha tunakimbia kufunika uwanja kwa turubai, ikikatika napanda juu kuandika matokeo niyatume magazetini. Ugenini tulikwenda kwa basi, usiku kucha, nimelalia begi la mipira. Hapo ndipo nilipomuoa. Nilipochukuliwa na timu ya ligi kuu, idara ya habari, yeye ndiye aliyelia kwa furaha, si mimi. Leo kasahau.

Mechi ni 162 kwa msimu, ndani ya miezi sita, na nusu yake, 81, ni ugenini. Mechi ikiwa saa moja usiku mimi nipo uwanjani tangu saa tano asubuhi, kwa sababu waandishi wakifika lazima wakute karatasi za takwimu mezani: nani kapiga mechi tisa mfululizo bila kutoka patupu, mrushaji wa leo huwa anapata tabu gani kwa wapigaji wa mkono wa kushoto. Mtu anazisoma dakika mbili, mimi zimenila saa nne. Kisha kuna wale vijana wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, wana miaka 20, Kiingereza hawana, wanasukumiwa kamera usoni usiku waliofungwa. Mpaka 2016 klabu hazikuwa zimelazimishwa kuwa na wakalimani wa Kihispania. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nasimama nao mimi, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, kwa sababu najua mtu mwenye akili zake anavyoonekana mjinga akihojiwa kwa lugha ya wenyewe. Kuna mmoja mpaka leo ananiita baba. Huyo nilikuwa msemaji wake, ndiyo, na sioni aibu.

Kilichobaki ni maneno. Mchezaji kaumia bega, wote ndani tunajua msimu wake umekwisha, lakini daktari hajaandika. Unawaambia waandishi hali yake inaangaliwa siku kwa siku. Si uongo, Shangazi. Ni neno la kazi. Anayeuliza anajua maana yake, na anajua hatapata zaidi. Sikuwahi kumdanganya mwandishi hata mmoja kwa makusudi. Waulize.

Hili la sasa limeanza Septemba. Nilikuwa nastaafu, klabu ikaamua kuniaga kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Taarifa ya kumuaga mtu huwa na neno la familia. Nilikuwa na dakika arobaini, yeye yuko kazini, nikamwandikia. Nilimwandikia vizuri: "Familia yetu imebarikiwa kuwa sehemu ya safari hii." Mengi ya maneno unayoyasoma kwenye taarifa za klabu, anayetajwa hakuyatamka. Kaandikiwa, kaletewa, kasema sawa. Kosa langu ni kwamba yeye sikumletea. Aliyasoma kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake, aliyekuja kumpongeza. Akaniuliza, "Safari gani? Mimi nilibaki nyumbani." Kwenye sherehe alikuja, akasimama, akapiga picha. Novemba akakata tiketi ya kwenda kwao, na mpaka sasa hajasema anarudi lini.

Kwa sentensi moja! Kwa sentensi ya kumsifu!

Najua utasema si sentensi hiyo. Yeye pia anasema si hiyo. Kila tukigombana ananirudisha kwa mama yake, na lile mimi nimeshaliombea radhi.

Agosti 2016 timu ilikuwa ugenini, pwani ya magharibi. Mama mkwe akafariki Tanga saa nne asubuhi, akazikwa baada ya alasiri siku ileile. Nikawapigia mashemeji, nikawaomba wasimwambie mpaka nifike nyumbani nimwambie mimi, nimshike. Wakakubali wote, na hilo kikaoni hakuna aliyelikumbuka. Hata kwetu msiba hautupwi kwenye simu. Mtu huambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo, na akifika akiona viatu vimejaa barazani ndipo anajua. Sasa mimi nimekosa nini ambacho wazee hawakukifanya? Alipopiga kuuliza nikamwambia hali ya mama inaangaliwa siku kwa siku. Siku mbili nilimwambia hivyo. Na hata ningemwambia palepale, ndege gani ingemfikisha Tanga kabla ya alasiri?

Yeye hasemi angewahi. Anasema alasiri ya Tanga ndiyo saa aliyokuwa anatoka zamu ya usiku, akapita dukani kununua vitunguu, akataniana na yule wa kaunta. Anasema, "Mama anaingizwa kaburini, mimi nacheka na mtu wa dukani, na wewe unajua."

Wiki iliyofuata mchezaji wetu mmoja alifiwa na bibi yake. Ligi ina orodha ya msiba, mchezaji huruhusiwa siku 3 hadi 7. Taarifa yake niliiandikia hapa hapa jikoni, na yeye akapita nyuma yangu akaisoma: klabu inaomba familia iachwe iomboleze kwa faragha. Hakusema kitu. Akaenda kulala chumba cha watoto, akakaa huko mpaka baada ya arobaini.

Lakini hata hilo tulilivuka, Shangazi. Tulikula pamoja, tulifunga pamoja, watoto wamemaliza shule. Kuna usiku mmoja naukumbuka, 26 Aprili 2017. Nilikuwa kwenye mechi yetu, runinga za chumba cha waandishi zinaonyesha mechi nyingine, nikamuona Gift Ngoepe wa Afrika Kusini anaingia kuichezea timu ya Pittsburgh. Mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mama yake alikuwa akifanya kazi na kuishi palepale kwenye jengo la klabu ya besiboli kule Randburg, kijana akakulia humo. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, mbele ya Jon Lester, mrushaji mkubwa kabisa, akapiga akafika kituo cha kwanza. Miaka yote ile nilikuwa Mwafrika peke yangu kwenye vyumba vile, labda na mlinzi mmoja Mhabeshi. Machozi yakanitoka, nikanyanyua simu nikampigia mke wangu. Nilitaka tu mtu wangu asikie. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe katikati ya mechi simu inapigika."

Mpaka leo sijui alikusudia nini.

Maana kuna jambo ambalo sijamwambia. Saa mbili na ushei kabla mama hajafariki, simu yangu iliita nikiwa kazini, inningi ya nane, yaani awamu ya nane kati ya tisa za mechi. Alikuwa shemeji mdogo. Walikuwa wamempigia dada yao hawampati. Akiwa zamu simu yake hukaa kabatini. Namba ya wodi ninayo, ningepiga angeitwa. Shemeji akamwekea mama simu sikioni, nikamsikia: "Baba, nipe mwanangu nimsikie sauti." Nikamwambia, "Sawa mama, mechi ikiisha tu." Hakuwa na sauti ya mtu anayekufa, Shangazi, nakuapia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka. Mechi ilikuwa sare. Siku hizi, tangu 2020, sare ikifika inningi ya kumi wanaanza na mkimbiaji tayari kasimama kituo cha pili, karibu na kufunga, mambo yanaisha mapema. Wakati ule hapakuwa na kanuni hiyo. Tulikwenda mpaka inningi ya 14. Waandishi huingia chumba cha wachezaji dakika 10 baada ya mechi, na mrushaji aliyetupotezea hakutaka kutoka bafuni, nikabaki mlangoni nambembeleza. Niliposhika simu nikakuta ujumbe: Mama ametutoka.

Namba ya wodi sikuihitaji tena.

Hata hivyo silo ninalokuandikia. Ninalokuandikia ni hili neno. Mtu akikuita msemaji mbele ya ukweni kwako, unarudije kukaa nao? Nataka aliondoe mbele ya walewale waliolisikia. Sitaki kikao kingine, vikao nimechoka. Na sitaki aliondoe kwa kushurutishwa na mjomba, halitakuwa na maana. Nataka arudi tu. Lakini aanze yeye, kwa sababu mimi nimeshaomba radhi kwa lile la siku mbili, na la sentensi pia nimeliomba, kwa maandishi.

Hapo kwenye maandishi ndipo ninaposhindwa. Tangu saa nane usiku nimeandika barua saba. Ya kwanza inaanza "Ningependa kuchukua nafasi hii." Ya pili inaanza "Kufuatia yaliyojitokeza." Nikazichana, nikajaribu kuandika kama nilivyokuwa namwandikia kabla hatujaoana, yeye yuko Tanga, mimi nimelala kwenye basi. Sikumbuki nilikuwa namwandikiaje. Alizitunza zile barua kwenye kopo la biskuti. Nimelitafuta leo, halipo. Amesafiri nalo. Hiyo ni dalili nzuri au mbaya? Wewe ni mwanamke, utanijuza.

Watoto hawajaingilia. Binti yetu nilipomwambia kuhusu kikao alisema tu, "Baba, mama aliuliza nini hasa?" Nikamwambia hakuuliza kitu. Akasema, "Mama huwa anauliza."

Shemeji mdogo kikao kizima hakuinua macho. Hajamwambia, nina hakika, la sivyo lingetajwa jana. Lakini anakaa naye nyumba moja sasa, mwezi wa pili huu, asubuhi na jioni, kwenye baraza ileile ambayo mama yao alishikiwa simu. Akisema yeye kabla yangu? Na nikisema mimi, sitakuwa nimempa sababu ya kutorudi kabisa? Wapo wanaosema marehemu asirudishwe kwenye mambo ya walio hai. Nilikuwa naliamini hilo. Na kama ni kusema, niseme kwa simu, au niende Tanga nikakae mbele yake? Na nikifika nianze na nani, yeye au mjomba?

Tiketi nimeiangalia, si ya bei mbaya kwa Februari. Ila kuna klabu imeniomba niwasaidie wiki sita za maandalizi ya msimu kule Arizona, kuanzia katikati ya mwezi huohuo. Kuna kijana mpya idara ya habari, hajui hata kupanga waandishi chumbani. Sijakubali. Nimewaambia nitawajibu Ijumaa. Yeye hajui, na sioni kwa nini ajue jambo ambalo halijaamuliwa.

Usitaje mji wangu wala jimbo, Shangazi, kwenye besiboli tunajuana wote. Na ukiweza, nijibu kabla ya Ijumaa.